Bei ya Gemu: Asiyekuwepo na Lake Halipo

Pita jioni Buguruni, Mwembe Tayari au Kawangware, hutakosa kibanda cha gemu. Televisheni mbili tatu zimepangwa ukutani, PlayStation ya zamani imewekwa juu ya stuli, benchi la mbao limejaa, na vijana wanagombea pedi. Mtu analipia mechi moja kwa shilingi chache, anafungwa mabao matatu, anampisha mwenzake huku akiapa kurudi kulipiza. Jambo linalojirudia katika vibanda hivi, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa na Kampala, ni kwamba karibu hakuna mchezaji aliyewahi kuinunua gemu anayoicheza. Anaijua nje ndani, anajua kasi ya kila mshambuliaji na udhaifu wa kila beki, ila kuimiliki kihalali ni jambo ambalo hata halimpitii akilini. Wapo wanaosema vijana wetu wamezoea vya bure. Kabla ya kuwahukumu hivyo, ingefaa kwanza tuitazame bei waliyowekewa.

Gemu za kidijitali, zile zinazolipiwa na kupakuliwa mtandaoni bila diski, huuzwa kwa bei tofauti nchi hadi nchi. Mhindi anaona bei yake kwa rupia, Mbrazili kwa reali, na mara nyingi wote wawili hulipa pungufu ya Mmarekani kwa gemu ileile. Wengi huuona utaratibu huo kuwa ni ubaguzi: iweje kitu kimoja kiwe na bei kumi? Mimi nauona vingine. Kupanga bei kwa kuangalia kipato cha eneo ni haki, na ni biashara yenye akili. Dhuluma iko kwingine: kwenye mpango unaomweka mkazi wa Temeke fungu moja na mkazi wa New York, kwa sababu tu hakuna aliyekaa chini akamhesabu kivyake.

Hesabu ya dola sabini

Tangu mwaka 2020 gemu kubwa zinapotoka huko Marekani zimekuwa zikihama kutoka dola 60 kwenda dola 70, na mwaka 2025 Nintendo ilifika dola 80 kwa Mario Kart World. Tuchukue hiyo ya dola 70. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu mwaka 2009. Kwa hiyo hata Mmarekani wa chini kabisa, anayefagia mgahawa katika jimbo lisilo na kima chake kikubwa zaidi, hupata thamani ya gemu hiyo kwa kazi ya saa zisizofika kumi, kabla ya kukatwa kodi. Ni siku moja ya kazi na ushei. Itamuuma, lakini anaweza kuilipa mwezi huu na bado akala.

Njoo Nairobi. Kibarua wa kawaida wa jiji hilo alipandishiwa kima cha chini mwaka 2024 hadi takriban shilingi 16,000 kwa mwezi. Dola 70, kwa shilingi 130 kwa dola, ni shilingi 9,100. Yaani zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi mzima kwa gemu moja. Katika mitaa mingi ya jiji hilo kodi ya chumba kimoja haifiki hapo. Tanzania, mtumishi wa umma wa kima cha chini, aliyepandishiwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025, angetoa zaidi ya theluthi ya mshahara wake, na huyo ndiye mwenye bahati ya ajira rasmi. Machinga, bodaboda na mama lishe hawana tarehe ya mshahara, achilia mbali kima cha chini. Je, mzazi mwenye ada, kodi na unga mbele yake amnunulie mtoto gemu ya bei hiyo kwa akili gani?

Bei ya dola ina ubaya wa pili: inapanda bila muuzaji kunyanyua kidole. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 113 za Kenya. Ilipofika Januari 2024 ilikuwa imegonga 160. Gemu ya dola 60 ikatoka shilingi 6,780 hadi 9,600, na dukani kwake haikuongezwa hata senti. Mfanyakazi wa Nairobi alibeba peke yake mzigo wa sarafu iliyoporomoka, kwa bidhaa ambayo kumfikia yeye hakukumgharimu muuzaji hata lita moja ya mafuta ya meli.

Waliohesabiwa na waliosahaulika

Duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta ni Steam, lililoanzishwa mwaka 2003 na kampuni ya Valve ya Bellevue, jimbo la Washington. Utaratibu wake ni mwepesi kuuelewa. Mtengenezaji wa gemu hupanga bei ya dola, kisha Valve humpa mapendekezo ya bei kwa sarafu na makundi mengine, naye yuko huru kuyafuata au kuyaacha. Afrika Kusini ina bei yake kwa rand. Pakistan, Bangladesh, Nepal na Sri Lanka zina kundi lao, linalolipa kwa dola lakini kwa bei yake yenyewe. Novemba 2023, lira ya Uturuki na peso ya Argentina zilipokuwa zimeyumba kupita kiasi, Valve iliziondoa sarafu hizo ikaunda makundi mawili mapya: moja la Amerika ya Kilatini, jingine la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Nayo hulipa kwa dola, na nayo yana bei zake.

Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo katika kundi lolote kati ya hayo. Zimebaki kwenye bei ya msingi, ile ya Mmarekani. Hakuna waraka uliowahi kutamka kwamba Waafrika Mashariki walipe kama matajiri. Ni kwamba makundi yalipopangwa, sisi hatukutajwa, na asiyetajwa huangukia kwenye bei ya juu. Wahenga walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Tazama matokeo yake katika jamaa ambao pwani yetu inawajua vizuri. Oman imo katika kundi la Mashariki ya Kati. Pato la mtu mmoja nchini Oman ni zaidi ya mara nane ya lile la Mkenya. Hata hivyo, mchapishaji akifuata makundi yalivyo, kijana wa Muscat anawekewa bei nafuu na binamu yake wa Mombasa anawekewa bei kamili. Kuna na la kuchekesha zaidi. Tangu mwaka 2017 Steam huzuia zawadi ya gemu kutoka nchi yenye bei ndogo kwenda nchi yenye bei kubwa, pengo linapokuwa pana, ili watu wasifanye biashara ya magendo. Kwa hiyo mjomba aliyeko Muscat akitaka kumtumia mpwa wake wa Mombasa gemu iliyopunguzwa bei upande wake, mfumo unaweza kumkatalia kwa hofu kwamba bidhaa ya maskini inavushwa kwenda kwa tajiri. Kwenye kumbukumbu za mfumo huo, tajiri ni Mombasa.

Upande wa PlayStation mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mtandao wake rasmi haujafunguliwa kabisa katika nchi zetu. Mwaka 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti za PlayStation kwa lazima, gemu hiyo iliondolewa kuuzwa katika nchi zaidi ya 170 ambazo mtandao huo haupo, zikiwemo za kwetu. Wachezaji wa dunia nzima walipiga kelele, na ndani ya siku chache Sony ikaachana na sharti hilo. Lakini kizuizi cha msingi kiko palepale. Ndiyo maana kijana wa Kinondoni mwenye mashine halali, aliyoinunua kwa fedha halali, hulazimika kujiandikisha kama mkazi wa Johannesburg au London, kisha akanunua vocha kwa mtu wa kati anayeongeza chake juu. Halipi bei ya Marekani tu, analipa na ushuru wa kusahaulika.

Kwa nini bei tofauti ni haki

Anayesema bei moja kwa wote ndiyo usawa anapima kwa dola, na dola haipatikani kwa jasho lilelile kila mahali. Ukipima kwa siku za kazi, bei moja hugeuka kuwa bei kumi: siku moja kwa huyu, wiki mbili na zaidi kwa yule. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na bei ya mwenye shibe haimjui mwenye njaa vilevile.

Sisi wenyewe tunaikubali kanuni hii pale inapotufaa. Mtanzania anayeingia Hifadhi ya Serengeti hulipa kiingilio cha shilingi 10,000, na ndugu zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kadhalika. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani hulipa dola zisizopungua 60 kwa lango lilelile, simba walewale na vumbi lilelile. Hakuna Mtanzania anayeona aibu kwa hilo, wala haipasi. Tunasema hifadhi ni yetu, kipato chetu ni kidogo, na mgeni aliyeweza kulipia ndege hatashindwa na kiingilio. Hoja hiyo ni sahihi, na kwa kuwa ni sahihi ina nguvu hata tunapokuwa upande wa pili wa kaunta.

Kwa bidhaa ya kidijitali kanuni hiyo ina nguvu zaidi kuliko hata kwa hifadhi. Mgeni wa kumi elfu Serengeti anachosha barabara na kuongeza takataka. Nakala ya kumi elfu ya gemu haimpunguzii mtu chochote. Gharama kubwa ilishatumika siku watengenezaji walipokuwa wanaitengeneza, miaka mitatu au mitano ya mishahara. Baada ya hapo, kumpa mteja mmoja zaidi nakala yake ni gharama ya seva na umeme kidogo. Kwa hiyo swali la kibiashara linabaki moja: kijana wa Arusha atakupa dola 20 au hatakupa kitu? Dola 70 kutoka kwake hazipo, hivyo aliyezipanga hazipotezi, anajidanganya nazo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Jumuiya yenye watu zaidi ya milioni 300 si kidogo.

Wenye maduka mengine walishaling'amua hilo. Spotify ilipoingia Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2021 haikuja na bei ya Marekani, ilipanga ya hapa. Netflix ilishusha bei zake Kenya mwaka 2023 pamoja na nchi nyingine kadhaa. Duka la programu la Google huonyesha bei kwa shilingi ya Kenya na ya Tanzania, na mwenye programu anaweza kupanga bei kila nchi kivyake. Kwa hiyo anayesema jambo hili ni gumu kiufundi atueleze ni ugumu gani uliowashinda wauza gemu za kompyuta na kuwapisha wauza muziki na filamu.

Na tusiende mbali kutafuta ushahidi kwamba bei inaweza kushuka dunia isianguke. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mashirika ya misaada. Kampuni kubwa zilizoshikilia kwamba bei zao hazishushiki nazo zikazidi kupunguza kwa nchi maskini, na wagonjwa wa Ulaya wakaendelea kulipa bei ya Ulaya. Gemu si dawa, na hakuna anayekufa kwa kukosa gemu. Lakini kama mfumo wa bei za ngazi uliwezekana kwa kidonge kinachohitaji kiwanda, chupa na lori, unashindikanaje kwa faili?

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ni ya mnunuzi wa nchi tajiri: kwa nini nimlipie mwingine? Hamlipii. Bei yake ilipangwa kwa uwezo wa soko lake kabla Mombasa haijatajwa, na haitashuka eti kwa sababu Mombasa imepandishiwa. Kinyume chake, kila nakala inayouzwa Afrika Mashariki, hata kwa dola 15, inachangia gharama ambayo bila hivyo ingebebwa na wanunuzi wa kwao peke yao. Ni kweli kwamba Marekani nako kuna maskini, na bei ya nchi nzima haiwatazami. Huo ni upungufu wa kupanga bei kwa mipaka ya nchi, na unastahili dawa yake, kama punguzo la wanafunzi. Haufanyi iwe haki kumtoza kibarua wa Kawangware kama daktari wa Chicago.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: udanganyifu. Argentina na Uturuki zilipokuwa na bei za chini sana, watu wa Ulaya na Marekani walijifanya wakazi wa huko kwa kutumia VPN na kununua kwa bei za watu wengine. Valve ilijibu kwa kukaza masharti ya kubadili nchi, na Oktoba 2022 ikapandisha sana bei inazopendekeza kwa nchi hizo mbili. Mwaka uliofuata sarafu zao zikaondolewa kabisa. Kwa kuwa baadhi ya wachapishaji hawakuwa wamepanga bei za makundi mapya, kuna gemu ambazo bei yake iliruka mara kadhaa kwa siku moja. Mtu wa Izmir au Rosario aliadhibiwa kwa wizi wa mtu wa Berlin. Basi je, si bora bei moja?

Hapana, na sababu iko kwenye tofauti ya kitabu na faili. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akiletewa na jamaa zake vitabu vya chuo vilivyochapwa kwa bei ya Asia, naye akaviuza Marekani kwa faida. Mahakama iliamua kwamba aliyenunua kitabu kihalali anaweza kukiuza, hata kama kilichapwa nchi ya mbali. Mchapishaji wa vitabu ana kila sababu ya kuogopa bei za ngazi baada ya hukumu hiyo. Mchapishaji wa gemu hana kisingizio hicho. Gemu ya kidijitali imefungwa kwenye akaunti, haiuziki tena, na duka linajua kadi ya malipo ilitolewa nchi gani. Mteja ameshanyang'anywa haki ya kuuza alichonunua. Haifai kumnyang'anya na bei ya kwao, kwa hofu ya biashara ambayo kufuli hilo limeshaizuia. Tena Afrika Mashariki ina kinga ambayo wengine hawana. Malipo yakiruhusiwa kwa M-Pesa na wenzake, akaunti inafungamana na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho. Mjerumani hawezi kuamka asubuhi akawa na laini ya Safaricom.

Hoja ya tatu inatoka kwenye sheria. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliipiga faini Valve pamoja na wachapishaji watano, jumla ya yuro milioni 7.8, kwa kuwazuia wateja kutumia katika baadhi ya nchi za Ulaya gemu zilizonunuliwa katika nchi nyingine za humohumo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliiunga mkono Tume mwaka 2023. Wapo wanaosoma hukumu hiyo kwamba bei za kimaeneo ni haramu. Lakini Ulaya iliamua hivyo kwa sababu imejenga soko moja, ambamo mtu, mzigo na mtaji huvuka mpaka bila kuulizwa. Na hata huko hatari iko wazi: mchapishaji akiona kwamba nakala ya Romania itaishia Ujerumani, njia yake nyepesi ni kupandisha ya Romania hadi ya Ujerumani. Usawa wa namna hiyo hulipwa na aliye chini. Kati ya Dodoma na Düsseldorf hakuna soko moja, hakuna hata viza ya kirahisi. Ikiwa mtu wa Dodoma hawezi kuvuka kwenda kupata mshahara wa Düsseldorf, kwa nini bei ya Düsseldorf ivuke kuja kumfuata?

Hoja ya nne husemwa na wazazi wengi, na haifai kudharauliwa: gemu ni anasa, mtoto akasome. Sawa, lakini mtoto anacheza tayari. Tofauti ni kwamba anachezea kibandani hadi usiku badala ya sebuleni ambako mzazi anaona. Au anachezea kompyuta iliyopakiwa gemu ya kukrakiwa kutoka kwenye flashi ya mtu wa dukani, faili ambalo hakuna anayejua limebeba nini, katika kompyuta ileile ambayo baba anafungulia akaunti ya benki. Bei isiyolipika haijamrudisha mtoto kwenye daftari. Imemsukuma nje ya nyumba na nje ya sheria.

Gharama inayobaki nyumbani

Bei hii ina mhanga mwingine, naye ni mtengenezaji wa kwetu. Studio ya Kiro'o ya Yaoundé, Kameruni, iliingiza Steam mwaka 2016 gemu yake ya Aurion, yenye hadithi na mapambo ya Kiafrika. Kameruni nayo haina kundi lake. Maana yake ni hii: mtengenezaji aliyeko Yaoundé akitaka majirani zake wainunue kwa bei wanayoimudu, hana kitufe cha kubonyeza. Akishusha ya Kameruni ameshusha na ya Marekani, kwa kuwa ni bei moja. Kijana wa Nairobi au Kigali anayeota kutengeneza gemu ya ngano za kwao ataukuta ukuta uleule. Atauza kwa wageni ili aishi, na watu wake wataikopi. Halafu tutashangaa kwa nini hatuna tasnia ya gemu.

Mwaka 2011 Gabe Newell, mmoja wa waanzilishi wa Valve, alieleza kwamba uharamia wa gemu kwa kawaida hutokana na huduma mbovu kuliko bei, akatoa mfano wa Urusi, nchi ambayo wengi waliikatia tamaa kuwa ya wezi watupu na ambayo kampuni yake iliigeuza kuwa moja ya masoko makubwa barani Ulaya. Tumchukue kwa neno lake. Huduma ni pamoja na kumwonyesha mteja bei kwa pesa anayoishika na kumpokelea malipo kwa njia anayoitumia kununulia mkate. Anayemwonyesha Mtanzania bei ya dola na kumdai kadi ambayo hajawahi kuwa nayo hajampa huduma, na hana msingi wa kulalamika akikuta duka la flashi Kariakoo linamhudumia vizuri zaidi.

Kinachopaswa kudaiwa

Dai la kwanza ni kwa wenye maduka: undeni kundi la bei la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama mlivyounda la Asia Kusini. Shilingi zetu zikionekana ndogo au zenye kuyumba, kundi hilo na lipangwe kwa dola, halina shida. Bei zake zifuate kipato cha watu, zipitiwe kwa ratiba inayojulikana, na mabadiliko yatangazwe mapema ili yasimwangukie mtu kama yalivyomwangukia Mturuki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na soko letu liko mvunguni.

Dai la pili ni kwa serikali. Nchi zetu zimekuwa hodari wa kuzitoza kodi kampuni za kidijitali za nje. Tanzania imezitaka zijiandikishe kulipa VAT tangu mwaka 2022, na Kenya inatoza asilimia 16. Kisheria, basi, muuzaji wa ng'ambo anahesabiwa kuwa anafanya biashara hapa. Ikiwa yuko hapa wakati wa kodi, na awe hapa wakati wa bei. Jumuiya ina mamlaka yake ya ushindani pale Arusha, na mazungumzo ya nchi nane pamoja yana uzito ambao nchi moja haina. Kumtoza muuzaji kodi bila kumuuliza bei anayowatoza wananchi ni kuongeza kodi juu ya mzigo uliokwisha kuwaelemea.

Dai la tatu ni kwetu wachezaji na wazazi, na ndilo gumu. Kila anayejiandikisha kama mkazi wa Johannesburg anaihesabia Johannesburg, na kila anayepakua ya kukrakiwa hahesabiwi popote. Kwenye vitabu vya muuzaji, Afrika Mashariki inaonekana kama mahali pasipo na wachezaji, kumbe wamejaa. Hatuwezi kumlazimisha mtu alipe dola 70 ili ahesabiwe, lakini tunaweza kununua za bei ndogo na za punguzo kwa akaunti zenye nchi zetu, kuwaandikia watengenezaji waziwazi kwamba tungelipa bei fulani, na kuacha kuona fahari kwa kujificha. Hakuna atakayetupangia bei kwa kutuonea huruma, wala hatuombi huruma. Tunachodai ni kuhesabiwa, tukilipa tunachoweza kulipa, na muuzaji apate fedha ambazo leo, kwa bei yake hii, hazimfikii kabisa.